Breki Inapokataa Kuliachia Gurudumu

Katika gereji za chini ya miti, kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala, mafundi huletewa mara kwa mara magari makuukuu yenye ugonjwa mmoja: dereva amekwisha kuondoa mguu kwenye pedali, lakini gurudumu moja la mbele bado limekamatwa. Gari huwa zito, huvuta upande mmoja, na gurudumu hutoa harufu ya kuungua.

Breki ya diski hutumia kanuni ya Pascal, mtaalamu wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1662: kanieneo inayotiwa katika kioevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 54 ina eneo la karibu sentimita 23 za mraba. Mafuta ya breki yakiisukuma kwa kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, pedi hukandamizwa kwenye diski kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja.

Lakini ni kitu gani kinachoirudisha pistoni? Breki za ngoma zina springi, kalipa haina. Kazi hiyo hufanywa na pete ya mpira iliyolala katika mfereji mwembamba ndani ya silinda. Pistoni ikisogea mbele, mpira hushikamana nayo na kupinda. Kanieneo ikiondoka, hujinyosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Sehemu hiyo ndogo ndiyo uhuru wote wa gurudumu.

Hapa ndipo hali ya hewa ya pwani inapoingia. Mafuta ya kawaida ya breki, yenye asili ya glikoli, hunyonya maji kutoka hewani. Maji hayo huleta kutu katika silinda ya chuma, na kutu hujazana nyuma ya pete mpaka pete ikaibana pistoni isiweze kurudi. Kwa nje, mpira wa vumbi ukichanika, tope la masika hula kromiamu ya pistoni. Kwa hiyo fundi anayeng'arisha pistoni peke yake na kuuacha mfereji na uchafu wake atarudishiwa gari lile lile.

Hatari yenyewe si uzito wa gari tu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakinyonya maji kwa kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Breki iliyokamata hutoa joto la kutosha kuyachemsha. Mvuke, tofauti na kioevu, hubanika: pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami.

Kabla ya kufungua kalipa, gari liinuliwe kwa jeki na kuwekewa mawe imara, kisha skrubu ya kutolea upepo ilegezwe. Gurudumu likiachia papo hapo, kosa huenda liko kwenye hosipaipu iliyovimba ndani au kwenye silinda kuu. Likibaki limekamata, kosa ni la kalipa, au la pini zake za kutelezea, ambazo nazo hushika kutu.

Pistoni hutolewa kwa kukanyaga pedali polepole, kipande cha ubao kikiwa mbele yake. Wanaotumia upepo wa kompresa wasiweke vidole hapo, kwani pistoni huruka kama risasi. Mfereji usafishwe bila kukwaruzwa. Pistoni yenye vishimo itupwe. Pete na mpira wa vumbi viwe vipya. Vumbi la pedi za zamani lisipulizwe, maana nyingi zilikuwa na asbesto. Mwisho, mafuta mapya yatiwe na upepo utolewe.

Kuosha pete kwa petroli au oili ya injini ni kuiharibu. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani: achukue pete mbili za zamani zilizo sawa, moja aitie katika mafuta ya breki na nyingine katika oili ya injini, na baada ya juma moja wanafunzi wazipime unene na uzito.