Kwa nini ndigana kali haimuui nyati?
Mfugaji, nyati hubeba kijidudu cha ndigana kali bila kuugua. Ndama wako hufa nacho. Kwa nini?

Kijidudu hicho huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Katika ng'ombe, askari hao huanza kuzaliana ovyo, na kijidudu huongezeka pamoja nao. Tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji. Mwili wa nyati hukidhibiti, ila haukimalizi. Kupe akishamnyonya hudondoka, hujivua gamba, kisha humpanda ng'ombe.

Chanja ndama mapema. Chanjo ni mara moja. Hata hivyo, mahali penye nyati huenda isitoshe, hivyo usichunge wanakolala, na ogesha mifugo. Tezi ikivimba, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa hufanya kazi ugonjwa ukiwa bado mchanga.