Kuamua Kabla ya Kukata

Mkasi wa haidroliki wenye shinikizo la takriban bar 700 hukata nguzo ya mlango wa gari kwa sekunde chache. Ni rahisi kudhani kwamba askari wa zimamoto aliyeumudu ameumudu uokoaji. Hoja yangu ni kwamba mafunzo kwa vitendo yapimwe kwa maamuzi yanayotangulia kukata, kwa kuwa hapo ndipo majeruhi anapopona au anapopotea.

Kwa miaka mingi askari walifundishwa kuondoa paa lote na kumtoa majeruhi akiwa amenyooshwa, wakihofia mgongo wake. Watafiti wa Uingereza wakiongozwa na daktari Tim Nutbeam walipopitia kumbukumbu za hospitali mwaka 2021, walikuta walioumia neva za uti wa mgongo hawafiki 1 katika kila 100 ya walionaswa garini, ilhali walionaswa walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko wasionaswa. Walipopima miili ya watu wazima wenye afya, aliyetoka mwenyewe kwa kuelekezwa alitikisika mgongo kidogo kuliko aliyetolewa baada ya paa kukatwa. Mtu atauliza: je, aliyepoteza fahamu, au aliyebanwa miguu na dashibodi? Huyo hawezi kujitoa, na mkasi ni wake. Lakini kumtofautisha na mwenzake wa siti ya pili, kelele na moshi vikiwa vimetanda, hakufundishiki ubaoni. Wala ubaoni askari hazoei kubandua plastiki ya ndani kabla ya kukata, atazame ulipo mtungi wa gesi wa mfuko wa hewa, ambao ukikatwa unaweza kupasuka mbele ya uso wake.

Kwa malori uamuzi ni mzito zaidi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na shehena yake kufikia tani 56. Uzito huo hauinuliwi kwa pupa: kila unapopanda kidogo, mbao na kabari hufuata chini yake, maana mfuko unaojazwa hewa ili kuinua lori ukiteleza, hakuna wa kuuzuia uzito huo. Tena madaktari Bywaters na Beall walieleza tangu 1941, kwa wahanga wa mabomu ya London, kwamba misuli iliyokandamizwa kwa saa nyingi ikiachiwa humwaga sumu inayoua figo. Anayeamuru kuinua hana budi kushauriana kwanza na mhudumu wa afya.

Wapo watakaosema mafunzo haya ni anasa kwa nchi zisizo na mitambo ya kutosha. Naona kinyume chake. Mbao, kabari na magari chakavu vinapatikana, na magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, ambayo matoleo yake ya karibuni yana vyuma vigumu vinavyoshinda mikasi ya zamani. Hilo ni bora lijulikane kwenye uwanja wa mazoezi. Na katika mtihani wa vitendo, kikosi kilichomtoa majeruhi kupitia mlango wa nyuma bila kuwasha mtambo kipewe alama zote.