Kava la Mlango wa Gari Limevunjika? Msinuniane, Litengenezeni!

Kama wewe na mwenzi wako mmejenga au mmepanga Kibaha au Kisarawe, na usafiri wenu ni gari la mtumba kutoka Japani, bila shaka hali hii unaifahamu. Injini iko poa, muziki unalia, kiyoyozi bado kinapuliza. Tatizo ni mlango wa abiria. Kava lake la ndani limeachia, linagonga kila mkipita kwenye tuta, na kile kitasa cha ndani ukikivuta kinakuja chote mkononi. Anayekaa upande huo inabidi ashushe kioo, atoe mkono nje, ndiyo afungue mlango. Fikiria anafanya hivyo mbele ya ukumbi wa harusi, kucha zimepakwa na gauni limenyooshwa!

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anasema, “Wewe unabamiza mlango kama wa daladala.” Mwenzake anajibu, “Na wewe uliahidi utalitengeneza tangu Pasaka.” Kabla hamjafika Maili Moja mmeshanuniana, na plastiki ile imegeuka kuwa kipimo cha nani anamjali nani.

Mpenzi msomaji, mara nyingi hapo hakuna mkosaji. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja, na haihitaji kuvunja kibubu.

Kwa nini linavunjika?

Kava la mlango halijachomelewa. Linashikwa na skrubu chache pamoja na klipu ndogo za plastiki zilizozunguka pembeni, ambazo huingia kwenye matundu ya bati. Gari lililotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 lina klipu zenye umri wa zaidi ya miaka 20. Joto la Pwani na jua la kuegesha nje kutwa nzima hukausha plastiki mpaka inakatika kama biskuti. Ongeza mtikisiko wa njia za vumbi za mitaani, na ule mtindo wa kuvuta mlango kwa kushika mfuko wa pembeni badala ya mshikio wake.

Sababu nyingine ni matengenezo ya zamani. Kila fundi aliyewahi kufungua mlango ili atengeneze mashine ya kioo au spika, akalibandua kava kwa bisibisi kwa pupa, alivunja klipu mbili tatu na kurudisha hivyo hivyo. Zilizobaki zikabeba mzigo wa wenzake mpaka nazo zikachoka.

Usiseme ni urembo tu

Mlango usiofunguka kwa ndani ni hatari. Gari likipata ajali, likishika moto au likizimika kwenye maji, umeme wa vioo unaweza kukata, na ile mbinu ya kutoa mkono dirishani haitasaidia. Kama mna mtoto au mnambeba mama mkwe kiti cha nyuma, hilo lisisubiri mwisho wa mwezi.

Ila kabla hamjavunja kitu, angalieni pembeni mwa mlango wa nyuma. Kuna kiswichi kidogo cha kuwazuia watoto wasifungue. Kikiwa kimefungwa, mlango hautafunguka kwa ndani hata ukiwa mzima kabisa. Wengi wameshalipa fundi kwa sababu ya kiswichi hicho!

Kulifungua bila kuongeza hasara

Chagueni kivuli, na msianze asubuhi wakati plastiki bado ni ya baridi na ngumu. Andaeni bisibisi ya nyota, bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, na kikopo cha kuwekea skrubu. Chomoeni waya wa negativu wa betri. Mkikuta waya au plagi za rangi ya njano, msiziguse, kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama.

Tafuteni skrubu zilizojificha: nyuma ya kitasa cha ndani, chini ya mshikio wa kuvutia mlango, na wakati mwingine chini ya swichi za vioo. Kava likigoma kutoka, msitumie nguvu, ipo skrubu hamjaiona. Zikiisha zote, anzeni kubandua kutokea chini, mkiingiza bisibisi karibu kabisa na kila klipu. Mwisho linyanyueni juu litoke kwenye ukingo wa kioo. Msilivute ghafla, kwa sababu nyuma yake kuna plagi za swichi na waya au fimbo ya kitasa. Pigeni picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote.

Gundi gani kwa plastiki gani?

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wanamimina gundi ya matone, kesho yake imeachia. Geuzeni kava, mara nyingi nyuma yake kuna herufi zilizochapwa. Zikiwa ABS, plastiki hiyo huyeyuka kwa asetoni, ile ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kufutia rangi ya kucha (someni chupa, kwani nyingine hazina). Vipande vya ABS vikilowekwa kwenye asetoni hugeuka uji mzito, na uji huo ukikauka huunga ufa vizuri. Fanyieni kazi hiyo nje, mbali na moto, na msidondoshe upande unaoonekana.

Zikiwa PP, msipoteze hela ya gundi ya kawaida, maana karibu kila gundi huteleza hapo. Dawa yake ni joto. Fundi redio mwenye pasi ya kulehemu anaweza kuyeyusha kingo za ufa kwa upande wa nyuma na kuzamisha kipande cha wavu mwembamba wa chuma ndani yake. Njia nyingine ni kukaza kipande cha plastiki ngumu kwa nyuma kwa skrubu fupi, zisije zikatokeza mbele.

Kama ni kitambaa tu kilichobanduka, kwangueni gundi ya zamani, pakeni ile ya fundi viatu pande zote mbili, acheni ikauke kidogo, halafu mkandamize.

Klipu zilizovunjika zibadilisheni zote. Ni vitu vya bei ndogo. Chukueni moja mkononi kama sampuli mkiuliza maduka ya spea, kwa sababu zinatofautiana unene. Kitasa kikiwa kimekatika, msikiunge. Tafuteni kingine, kipya au cha mtumba. Kibaha au Kisarawe kikikosekana, Gerezani na Ilala kule Dar kuna spea za kila aina.

Nailoni ile msiitupe

Nyuma ya kava mtakuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Watu huichana na kuitupa, halafu masika ikifika wanashangaa zulia limelowa na gari linanuka uvundo. Maji ya mvua kwa kawaida huingia ndani ya mlango kupitia ukingo wa kioo, kisha hutoka kwa matundu madogo chini yake. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwenu. Irudisheni bila tundu, na mzibue matundu yale kwa kijiti.

Nani afanye nini?

Kama hamjiamini, mpelekeeni fundi, lakini mmoja wenu asimame pale. Mwambieni mapema kwamba mnataka klipu mpya na nailoni irudi. Mkiamua kufanya wenyewe, gawaneni: mmoja anafungua, mwenzake anapiga picha na kutunza skrubu. Gharama itoke kwenye fungu la gari la nyumba nzima, si kwenye mfuko wa “aliyevunja”.

Kabla ya kulikandamiza kava, rudisheni waya au fimbo ya kitasa mahali pake na mfanye jaribio hili mlango ukiwa wazi. Sukumeni ulimi wa loki kwa bisibisi mpaka ujifunge, kisha vuteni kitasa cha ndani. Ulimi ukiachia, kazi imekubali. Rudisheni waya wa betri mjaribu na vioo, halafu kava lirudi.

Mwisho kabisa, yule aliyekuwa akitoa mkono dirishani akae kwenye kiti chake, afunge mlango, apandishe kioo, na afungue mwenyewe kwa ndani mara tatu. Yeye ndiye wa kusema kama gari limepona.