Wafagiaji wa Mapafu

Katika lugha yetu twasema mtu avuta pumzi, na tena twasema avuta sigara. Neno ni moja, lakini matendo hayo mawili yapingana. Sikiliza kwa nini.

Hewa uivutayo hupita puani na kooni, kisha huingia mapafuni kwa njia zinazogawanyika kama matawi ya mti, mpaka kufikia vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno. Hapo damu hupokea oksijeni na kutoa hewa iliyokwisha tumika.

Njiani Mungu ameweka wafagiaji. Ni vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Vumbi na vijidudu vikinaswa katika ute, vinywele hivyo huusukuma ute juu mpaka kooni, usiku na mchana.

Moshi wa sigara huwalemaza wafagiaji hao. Uchafu hubaki ndani, pamoja na lami ya tumbaku yenye sumu ziletazo saratani. Ndiyo maana mvutaji hukohoa asubuhi: kikohozi chajaribu kufanya kazi ya mfagiaji. Tena moshi una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Na vifuko vikiisha kuharibika, havioti tena.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kuvuta sigara mahali pa umma isipokuwa palipotengwa. Lakini nyumbani hakuna askari. Mke na watoto huvuta moshi ambao hawakuununua.

Je, umechelewa kuacha? La. Kwa siku chache gesi ile hutoka damuni, na baada ya majuma kadhaa wafagiaji huanza kazi tena. Lakini angalia: hapo kikohozi chaweza kuzidi kwa muda, na wengine hudhani kuacha ndiko kumewadhuru, wakairudia sigara. Sivyo, ndugu! Nyumba isiyofagiwa miaka mingi, siku ya kufagiwa vumbi hutimka. Vumilia. Kikohozi kisipokoma, au ukitema damu, nenda hospitali.

Baada ya miaka 10 hivi bila sigara, hatari ya saratani ya mapafu hupungua kufikia karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

Nikotini hufunga mtu kwa kamba ngumu. Usione haya kumwambia mwenzi wako, mchungaji wako au daktari, wakusaidie kuifungua.