Kumwuliza Kijana si Kumchochea

Lipo jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi halisemwi kabisa. Kijana anapojitoa uhai, wazee hukubaliana waseme kwamba aliugua ghafla. Msiba unakwisha, turubai linakunjwa, na wadogo zake waliobaki wanajifunza kitu kimoja tu: kwamba jambo hili halina mahali pa kuzungumziwa. Leo napenda tulizungumze.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya 720,000 duniani hufa kwa kujiua. Kwa hesabu za mwaka 2021, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Karibu robo tatu ya wote waliokufa hivyo walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa hiyo anayesema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, hajatazama vizuri.

Ni nini kinachomfikisha kijana hapo? Watu hupenda jibu fupi. Husema, "Ni kwa sababu ya mtihani," au, "Ni kwa sababu ya msichana." Lakini mtihani wenyewe wanaufeli maelfu, na walio wengi wanaendelea kuishi. Mara nyingi nyuma ya mtihani yalikuwapo mengine: kipigo au udhalilishaji nyumbani, pombe, deni la kamari, mimba iliyofichwa, kuchekwa na wenzake, au ugonjwa wa sonona ambao hakuna aliyeutambua. Sonona si uvivu wala kudeka. Ni ugonjwa, na una tiba. Humwondolea mtu usingizi, hamu ya kula na furaha ya mambo aliyoyapenda, na hatimaye humfanya aamini kwamba yeye ni mzigo kwa wenziwe.

Sasa, ndugu wasikilizaji, yapo mawazo matatu tuliyoyazoea ambayo yanatuzuia kuwaokoa vijana wetu.

La kwanza ni kwamba anayesema atajiua hawezi kufanya hivyo. Anatafuta huruma tu. Si kweli. Wengi waliojiua walikwisha kutoa ishara kabla. Mmoja alisema, "Mtanikumbuka nikishaondoka." Mwingine aligawa vitu vyake alivyovipenda, au alikwenda kuaga watu bila kuwa na safari. Na aliyewahi kujaribu yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko mwingine, wala si mtu wa kukejeliwa.

La pili ni kwamba ukimwuliza kijana kama anafikiria kujiua, utakuwa umemtia wazo hilo kichwani. Hili ndilo linalotufunga midomo zaidi. Wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi na wameona kwamba kuuliza hakuleti wazo hilo. Kama halikuwapo, atakwambia halipo. Kama lilikuwapo, huenda wewe ukawa mtu wa kwanza kumpunguzia mzigo alioubeba peke yake. Basi uliza kwa upole na bila kuzunguka: "Mwanangu, naona siku hizi huna raha. Umefika mahali pa kufikiria kujitoa uhai?"

La tatu ni kwamba aliyekwisha kuamua hazuiliki. Hapa tuitazame Sri Lanka. Katika miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoongoza duniani kwa watu kujiua, na wengi walitumia sumu za shambani. Serikali ikapiga marufuku hatua kwa hatua zile zilizokuwa kali zaidi. Kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilipungua kwa kiasi cha asilimia 70, na mavuno ya wakulima hayakuharibika. Shida za maisha hazikuwa zimekwisha Sri Lanka. Kilichobadilika ni kwamba mtu katika saa yake mbaya kuliko zote hakuikuta karibu ile sumu kali. Saa hiyo aghalabu ni fupi. Ikipita salama, wengi mno hawafi kwa kujiua baadaye.

Nasi hatuna haja ya kungoja serikali katika hili. Dawa za shamba zifungiwe, na ufunguo ushikwe na mtu mzima. Vivyo hivyo dawa za hospitali zilizobaki nyumbani.

Lipo pia suala la sheria. Waingereza walipotutawala walituletea Kanuni ya Adhabu iliyomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Wao wenyewe waliifuta sheria ya namna hiyo huko England mwaka 1961. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Ni hatua ya maana, kwa sababu familia inayoogopa polisi humficha mgonjwa wake, na wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi, mzazi au mwalimu, ukiambiwa na kijana, "Ndiyo, nimefikiria," ufanye nini? Usipige kelele. Usimhubirie dhambi wala aibu ya ukoo saa hiyo. Msikilize mpaka amalize. Usimwache peke yake, na kiondoe karibu naye chochote cha hatari. Kisha mfuatane mpaka zahanati, kituo cha afya au hospitali, mweleze mambo kama yalivyo. Katika nchi yetu tumeligeuza jina la Mirembe kuwa la mzaha, kana kwamba kutibiwa akili ni kituko. Mzaha huo umewafanya wengi waogope tiba ambayo ingewaokoa. Na akirudi nyumbani, msichoke naye baada ya wiki moja. Endeleeni kumwuliza hali yake.

Matokeo ya mtihani yanapotangazwa, neno la kwanza la mzazi lina uzito mkubwa. "Njoo tule, kesho tutazungumza" ni maneno machache, lakini yanamwonyesha kijana kwamba kesho ipo na kwamba yeye yumo ndani yake.

Na wewe kijana unayenisikiliza, ambaye mawazo haya yamekujia: hujapotea, wala si wewe wa kwanza. Maumivu hayo hukufanya uone kwamba hakuna njia, lakini yanaweza kupungua na watu hupona. Usingoje kesho. Leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, awe shangazi, mwalimu, rafiki, shehe, padri au mchungaji, au mwuguzi. Mwambie hivi tu: "Nimefikiria kujiua, naomba usiniache peke yangu." Asipokuelewa, mwendee wa pili.

Ndugu wasikilizaji, kijana wako akinyamaza kwa siku nyingi usiseme amekuwa mtu mzima. Keti naye, umwulize.