Miksa ya Dijitali na Tartibu Yake

Katika mitambo yote inayotumika kuwafikishia watu sauti hadharani, hapana unaotazamwa kwa mastaajabu na kueleweka kwa uchache kama miksa, ile meza yenye vitufe na vishikio tele ambayo fundi hukaa nyuma yake, aghalabu mbali na jukwaa, akikusanya sauti za waimbaji na ala zao, akizipima, akizisafisha, na kuzipeleka kwenye spika zikiwa zimeshikamana. Zamani mambo ya meza hiyo yalikuwa dhahiri: kila kazi ilikuwa na kitufe chake, na kila kitufe kilikuwa na kazi yake moja, hata mtu mwenye subira aliweza kuufuata mkondo wa sauti kwa kidole, tangu tundu la waya wa maikrofoni mpaka mahali sauti inapotokea. Miksa ya dijitali imeigeuza hali hiyo, kwani mengi yaliyokuwa juu ya meza sasa yamo ndani yake, na fundi asiyeyapanga mapema atayatafuta mbele ya hadhira iliyokwisha kukaa. Kwa sababu hiyo, elimu ya kwanza ya mtambo huu ni tartibu. Ujuzi wa vitufe na ustadi wa sikio hufuata baadaye.

Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme mdogo mno. Miksa ya dijitali huukuza umeme huo, kisha huupima, aghalabu mara 48,000 katika kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu. Na tangu hapo yote yatendwayo, yakiwa ni kupunguza sauti nzito, kuongeza mwangwi au kuchanganya chaneli hii na ile, ni hesabu tupu, mpaka tarakimu zigeuzwe tena kuwa umeme na kupelekwa kwenye spika. Mitambo ya namna hii si ya jana. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa miksa ndogo ya dijitali, DMP7, mwaka 1987, na ile ya M7CL, iliyotoka mwaka 2005, ikazoeleka katika majukwaa mengi. Lakini iliyowafikishia elimu hii watu wa mifuko ya kawaida ni X32 ya Behringer, iliyotoka mwaka 2012 ikiwa na matundu 32 ya maikrofoni, kwa bei isiyofika dola 3,000 za Marekani.

Ili maelezo yasielee hewani, na tuchukue mfano wa kikundi cha taarabu kitakachopiga katika uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe, Unguja, mahali ambapo tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limewazoesha mafundi kupokea kikundi baada ya kikundi katika usiku mmoja. Taarabu ya asili ni mtihani mwema kwa fundi yeyote, maana ala zake hazilingani hata kidogo kwa nguvu: akodioni husikika uwanja mzima pasipo msaada wa mtu, dumbaki hupenya, fidla nne zikipiga pamoja huijaza hewa, ilhali udi na kanuni, ambazo ndizo roho ya maqamu (ile mipangilio ya noti inayobeba nyimbo zake), huzungumza kwa upole, na mtu aliyeketi safu ya kumi hazisikii ila apate kusaidiwa.

Kazi huanza kwa karatasi na kalamu. Fundi huketi na kiongozi wa kikundi akaandika orodha: namba ya chaneli, ala, aina ya maikrofoni, na kama maikrofoni hiyo yahitaji ule umeme wa volti 48 ambao miksa huupeleka kwa waya uleule wa sauti. Namba 1 dumbaki, namba 2 rika (tari ndogo), namba 3 besi, kisha fidla moja baada ya moja, akodioni, udi, kanuni, waitikiaji, na mwisho mwimbaji. Nakala moja ya orodha hubaki kwenye miksa na nyingine huenda jukwaani kwa yule anayechomeka nyaya, nao wawili hawa wasipokuwa na orodha moja hakuna mtambo utakaowapatanisha, kwa kuwa miksa ya dijitali hukubali tundu lolote la jukwaani lielekezwe kwenye chaneli yoyote, na uhuru huo, pasipo maandishi, humfanya mtu akakuza udi huku akishangaa kwa nini sauti inayopanda ni ya rika.

Baada ya orodha huja nyaya. Zamani nyaya za maikrofoni zote zilifungwa pamoja katika mkonga mzito uliovutwa kutoka jukwaani mpaka kwa fundi. Siku hizi kisanduku chenye matundu huwekwa jukwaani, na waya mmoja mwembamba wa mtandao, ambao kwa X32 na jamaa zake waweza kufika mita 100, huchukua chaneli 48 kwenda na 48 kurudi. Waya huo haupendi kukunjwa kwa nguvu wala kukanyagwa na miguu ya viti, nao husalimika zaidi ukipitishwa kandokando ya ukuta. Jambo la kuangaliwa hapa ni saa ya ndani ya mitambo. Miksa na kisanduku vyote viwili huhesabu vipimo vyao kwa saa, na sharti kimoja kiwe imamu na kingine kifuate, la sivyo husikika vidoko vidogo ndani ya muziki ambavyo fundi mgeni huvitafuta kwenye maikrofoni, akabadilisha nyaya tatu nne bila ya mafanikio. Ama kuwasha, miksa hutangulia na amplifaya za spika huja mwisho. Na wakati wa kuzima, amplifaya huzimwa kwanza, ili mshtuko wa umeme usizifikie spika.

Mtambo ukisha kuwaka, asiamini mtu alichokikuta ndani yake. Miksa hii huweka kumbukumbu ya kazi ya aliyetangulia, na aliyetangulia huenda alikuwa fundi wa bendi ya dansi aliyeifunga chaneli ya 9 isifunguke mpaka gitaa lipigwe kwa nguvu. Sasa kwenye chaneli hiyohiyo umeuweka udi, na kila mpigaji anapopiga kwa upole sauti yake hukatika. Dawa ni kushusha kishikio kikuu, kunyamazisha chaneli zote, na kuurudisha mtambo katika hali yake ya mwanzo, kisha kuandika jina la ala juu ya kila chaneli na kuipa rangi yake. Kazi ya kuandika majina huonekana ya kitoto, lakini vishikio vilivyo mbele ya fundi ni vichache kuliko chaneli alizo nazo, hivyo mtambo huzipanga chaneli katika matabaka, kama watoto wa meza wanaovutwa mmoja baada ya mwingine, na fundi akivuta tabaka lisilo na majina hajui amekamata sauti ya nani.

Sasa ndipo inapokuja hatua ambayo nyingine zote zaitegemea, yaani gaini, kiasi cha kuukuza umeme wa maikrofoni kabla haujageuzwa kuwa tarakimu. Kanuni yatosha kuwa mfano. Fundi hubandika maikrofoni ndogo karibu na ubao wa sauti, akawasha volti 48 chaneli ikiwa bado imenyamazishwa, kisha akamwomba mpigaji apige kwa nguvu ile atakayopigia mbele ya watu, si kwa staha ya kujaribu tu. Huku mpigaji akipitisha vidole juu ya nyuzi, fundi hupandisha gaini polepole akitazama kipimo, mpaka sauti ya kawaida icheze karibu na namba 18 chini ya sifuri, na milipuko yake isipite 10 chini ya sifuri. Sifuri katika mtambo wa dijitali ni dari la zege: sauti ikiligonga, tarakimu huisha, na kinachosikika ni mkwaruzo ambao hapana ekwalaiza, yaani kirekebishi cha sauti nzito na nyembamba, iwezayo kuuondoa. Tena sauti hiyohiyo ya kanuni, baada ya kukuzwa, ndiyo iendayo kwenye spika za hadhira na kwenye monita, yaani spika zinazowaelekea wapigaji wenyewe. Kwa hiyo fundi anayebadilisha gaini katikati ya wimbo huwabadilishia watu wote jukwaani pasipo wao kujua kilichotokea. Gaini hupimwa mapema ikaachwa. Kinachochezwa wakati wa muziki ni vishikio.

Baada ya gaini huja kichujio cha chini, ambacho huzuia sauti nzito zisizohitajika. Kwa mwimbaji na kwa fidla, yote yaliyo chini ya hezi 100 hivi ni upepo wa uwanjani, vishindo vya miguu juu ya mbao, na mngurumo wa hezi 50 uletwao na umeme wa kawaida wa majumbani. Yakiondolewa, muziki hutakata kabla ekwalaiza haijaguswa. Besi na ngoma tu ndizo ziachiwe chini yake.

Monita zataka maelezo zaidi, kwa sababu mwimbaji asiyejisikia huimba kwa kujilazimisha, na kwake hapana mtambo wa kumfaa. Sauti ziendazo monita huchukuliwa kabla ya vishikio vya hadhira, ili fundi akipunguza fidla kwa ajili ya watu, mpigaji wa fidla asizipoteze. Spika ya monita nayo huwekwa upande ambao maikrofoni ni kiziwi: kwa maikrofoni nyingi za waimbaji upande huo ni wa nyuma kabisa, na kwa zile zenye sikio jembamba zaidi ni pembeni kidogo ya nyuma. Miksa ya dijitali hurahisisha kazi hii kwa kitufe kimoja, ambacho kikibonyezwa vishikio vyote hugeuka na kuonyesha kiasi kinachokwenda kwenye monita iliyochaguliwa. Na hapo hapo ndipo ulipo mtego wake mkubwa, kwani fundi akisahau kukizima kitufe hicho, atapandisha udi akidhani anawapandishia watu, udi usizidi uwanjani, apandishe tena, na mara jukwaani monita ianze kupiga mluzi.

Mluzi huo, unaotokea pale sauti ya spika inaporudi ndani ya maikrofoni na kukuzwa tena na tena, hutafutwa kwa makusudi kabla ya watu kuingia. Fundi hupandisha monita taratibu mpaka ianze kulia, akautambua mlio uliotangulia, akaupunguza huo peke yake kwa ekwalaiza, kisha akaendelea mpaka wa pili; ikisha miwili mitatu huacha, kwa maana anayepunguza kila kitu hubaki na sauti isiyo na uhai. Kadhalika kwa fidla nne zilizoketi pamoja, iko kaida ya kale ambayo dijitali haikuifuta: umbali baina ya maikrofoni na maikrofoni uwe angalau mara tatu ya umbali baina ya maikrofoni na ala yake, ili fidla moja isisikike katika maikrofoni mbili kwa nyakati mbili na kujikata yenyewe.

Iwapo uwanja ni mrefu na spika nyingine zimewekwa kati ili wa nyuma nao wapate haki yao, hapo tarakimu huonyesha faida yake. Katika joto la pwani sauti hukimbia mita 347 hivi kwa sekunde, ilhali umeme hufika papo hapo. Basi spika iliyo mita 30 mbele ya jukwaa hutangulia kusema, na sauti ya jukwaani huifuata kwa kuchelewa milisekunde 86 hivi, mpaka maneno ya mwimbaji yakasikika mara mbili. Miksa humwezesha fundi kuziagiza spika hizo zingoje milisekunde 86, na maneno yakawa mamoja.

Yote haya yakisha kutengenezwa, huhifadhiwa kwa jina la kikundi, kisha hunakiliwa katika kidude cha kuhifadhia kinachochomekwa, kwa kuwa kazi iliyo mahali pamoja tu haijahifadhiwa. Kikundi cha pili kikimaliza na cha kwanza kikirudi, kubonyeza mara moja hurejesha kila gaini na kila monita. Lakini umeme ukikatika, miksa ya dijitali huhitaji muda wa kuamka kama kompyuta yoyote, na muda huo ni mrefu mno katikati ya beti. Kwa hiyo betri ya akiba ya kuishikilia miksa na kile kisanduku cha jukwaani haina budi kuhesabiwa miongoni mwa vyombo vya kikundi, sawa na nyaya. Na mtandao wa hewani unaomruhusu fundi kutembea uwanjani na kompyuta bapa mkononi upewe neno la siri, asije mgeni akaingia na kuyashika yasiyo yake.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo ina mpaka wake. Vipimo vilivyohifadhiwa alasiri, uwanja ukiwa mtupu na kuta za mawe zikirudisha kila sauti, haviwi vipimo vya usiku, maana miili ya watu na mavazi yao hunywa sauti, hasa zile nyembamba, nayo minong'ono ya mamia ya watu hufunika udi uliosikika vyema saa tisa. Kwa hiyo katika wimbo wa kwanza fundi hana ruhusa ya kuketi akauamini mtambo: sharti atembee mpaka safu ya nyuma, asikilize kama kanuni bado yapenya na kama maneno ya mwimbaji yanafahamika, arekebishe, na kuhifadhi upya. Tartibu tuliyoieleza humpa nafasi ya kufanya hivyo. Yule aliyeandika orodha, akapima gaini na kuyaandika majina ya chaneli, usiku huwa na masikio yaliyo huru kuusikiliza muziki. Na yule aliyeiruka usiku mzima atakuwa ameinamia kioo, akitafuta chaneli ya udi, wakati wimbo wenyewe unapita.