Jua la Utosi na Viyeyushi vya Klorini Pwani ya Palma

Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa kwenye Rasi ya Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Likikutana na unyevu wa Bahari ya Hindi, hewa kati ya Mocímboa da Praia na mlango wa mto Ruvuma hufanya kazi ambayo hewa ya Ulaya haiwezi kuifanya kwa kasi hiyo wakati wa baridi: huvunjavunja kemikali zilizotoka kwenye viwanda vya mbali.

Miongoni mwake ni viyeyushi vya klorini. Trikloroethilini huondoa grisi kwenye vyuma, tetrakloroethilini hutumiwa na madobi wa drai klini, dikloromethani hubandua rangi kuukuu. Vyote hukauka upesi, na harufu ikiisha fundi huona yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza vimeingia hewani.

Wengi hudhani jua huvipasua lenyewe. Karibu na ardhi sivyo, kwa sababu mionzi mikali yenye uwezo huo huzuiwa na tabaka la ozoni huko juu. Urujuanimno unaopenya hupasua ozoni kidogo iliyo karibu nasi. Atomu ya oksijeni inayochomoka hapo, ikiwa imejaa nguvu, huigonga molekuli ya mvuke wa maji, na huzaliwa vipande viwili vya haidroksili: kila kimoja ni oksijeni moja na haidrojeni moja, tayari kushambulia karibu chochote. Kimoja hakidumu hata sekunde mbili. Katika sentimita moja ya ujazo wa hewa vipo kama milioni moja tu, katikati ya molekuli bilioni bilioni 25! Mwaka 1971 mwanasayansi Hiram Levy alionyesha kwamba hao wachache ndio wasafishaji wakuu wa anga. Ukanda wa tropiki ndio karakana yao kubwa, kwani ozoni ya juu ni nyembamba zaidi na mvuke ni tele.

Trikloroethilini humalizwa kwa siku chache. Tetrakloroethilini na dikloromethani huchukua miezi, muda wa kutosha kwa pepo za kaskazi kuzivusha kutoka Asia hadi huku. Njiani huzaliwa fosijeni, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Hapa ni kiasi kidogo mno, na matone ya mawingu huigeuza kuwa kaboni dioksidi na asidi hidrokloriki ambayo mvua huiteremsha. Lakini kaboni tetrakloraidi, kiyeyushi kingine cha klorini, haiguswi na haidroksili. Hupanda hadi tabaka la ozoni, ikapasuliwa huko na mionzi mikali, na klorini yake hula ozoni. Kemikali za namna hii ndizo zilizofanya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, ihitajike.

Itifaki hiyo ilitupa pia kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua katika fani hii. Methili kloroformu, kiyeyushi kilichotengenezwa na binadamu kwa wingi, kilifikia sehemu 130 hivi kwa trilioni moja za hewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uzalishaji wake ulikomeshwa chini ya Itifaki, na leo hazifiki 2. Kwa kufuatilia kasi ya kupungua kwake wanasayansi walikadiria wingi wa haidroksili duniani. Makadirio hayo yanaigusa moja kwa moja Afungi, rasi ya mradi wa gesi karibu na Palma: methani, sehemu kubwa ya gesi iliyogunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010, ikivuja husafishwa na haidroksili hizohizo, ila huchukua karibu miaka 9.

Usafishaji huu wote ni wa hewani tu. Trikloroethilini ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya maji. Ikimwagwa nyuma ya karakana, kwenye ardhi ya mchanga na matumbawe, huzama hadi kwenye maji ya visima, ikayapita na kutulia chini yake kwa miaka mingi. Huko jua halifiki. Pasipo oksijeni, bakteria huinyofoa klorini moja baada ya nyingine, na mara nyingi kazi hukwamia kwenye vinili kloraidi, ambayo husababisha saratani ya ini.